Aliyetoka Mbali Aanze

Nimeudhiwa na watu wengi, lakini hakuna aliyeniudhi kwa utaratibu kama Mwalimu. Wengine waliniudhi siku moja wakaacha. Yeye aliniudhi kila Jumamosi kwa misimu miwili mizima, na kila mara kwa upole, akinigonga begani kwa mkono unaonuka solusheni, ile gundi ya pancha.

Hakuwa mwalimu wa shule. Hata sijui kama shule yenyewe aliimaliza. Alikuwa fundi baiskeli pale njia panda ya Mugoma, na kibanda chake kilikuwa na mabati matatu, beseni la maji ya kutafutia pancha na matairi yaliyochoka yakining'inia kwenye misumari. Tulimwita Mwalimu kwa sababu ya filimbi. Filimbi ilikuwa yake, na mipira yote miwili ilikuwa yake, kaiziba mwenyewe kwa viraka vile vile vya baiskeli. Kwa hiyo hata ukitaka kumchukia, unamchukia huku unapiga mpira wake.

Sasa niseme mimi nilikuwa nani, maana bila hivyo hasira yangu itaonekana ya bure. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa naitwa Umeme. Sikujipa jina hilo. Nilipewa na akina mama wauza ndizi waliokuwa wakikaa nyuma ya goli, siku nilipompita beki mmoja wa Kabanga mara tatu mpaka akakaa chini akavua kiatu, akajifanya ameumia. Jamaa mmoja mwenye simu kubwa alinirekodi. Ile video ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka Ngara mjini, ikavuka mpaka Biharamulo, ambako binamu yangu alitumiwa na mtu asiyejua kwamba mimi ni ndugu yake. "Mwangalie huyu kijana wa Mugoma," aliandikiwa, "huyu ni wa timu ya taifa."

Watu wakaanza kuja na pikipiki kuniona. Wakanikuta nimekaa.

"Ndiye yule?"

"Ndiye."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Subiri, ataingia mwishoni."

Haukupita mwezi, Umeme likageuka kuwa Mgao. Umeme upo, walisema, ila unatolewa kwa zamu. Kuna mzee mmoja alikuwa akiniona nimekaa anapaza sauti kwa wenzake, "Huko kwenu umerudi? Huku kwetu bado!" Uwanja mzima unacheka. Mimi nilikuwa nacheka nao kwa meno, moyoni nawaka.

Mwalimu hakupanga timu kama watu wengine wanavyopanga. Dakika chache kabla ya mechi alitusimamisha mstari mmoja, akapita mbele yetu na kutuuliza swali moja tu: "Umetoka wapi?" Hakuuliza nani yuko fiti, wala nani alifunga wiki iliyopita. Timu yetu ilikuwa na vijana wa kila upande. Wengine waliamkia Murusagamba wakaja kwa miguu, barabara yote ile yenye mashimo. Wengine walitoka upande wa Kabanga, wawili wawili kwenye baiskeli moja, wakipokezana kukanyaga pedali. Mwalimu aliwahesabia mwendo wao na kuwapanga kuanzia wa mbali zaidi kurudi nyuma mpaka kumi na moja watimie. "Aliyetoka mbali aanze," ndiyo ilikuwa sheria yake. Kwao, alisema, mgeni hawezi kufika akakaa kuwatazama wenyeji wakila. Na mpira ni chakula.

Nyumba yetu ilitazamana na goli. Sisemi ilikuwa karibu na uwanja. Nasema ilitazamana na goli, kiasi kwamba mama akianika maharage uani, shuti lililopaa lilitua juu ya maharage. Katika vijana wote wa timu ile, hakukuwa na aliyetembea hatua chache kuliko mimi. Kwa hiyo kila mechi, ukiondoa moja nitakayoifikia, niliingia dakika ya sabini na tano.

"Mwalimu, zimebaki dakika kumi na tano tu!"

"Zinatosha," alijibu.

Na ubaya ni kwamba mara nyingi zilitosha. Niliingia, nikapiga chenga, nikafunga, akina mama wakarusha kanga zao juu, filimbi ikalia. Kila nilipofunga nilidhani sasa ataona. Jumamosi iliyofuata ananisimamisha tena mstarini, ananiuliza umetoka wapi, wakati nimetoka mbele ya macho yake.

Herufi za l na r alizitumia kadiri zilivyomjia. Wengi wetu tulikuwa hivyo hivyo, ni shule tu iliyotunyoosha. Lakini neno "mahali", mdomoni mwake, lilikuwa "mahari" siku zote. Siku moja niligoma kukaa benchi, nikabaki nimesimama na jezi mkononi. Akaja, akanigonga begani mbele ya wote. "Kijana, subili. Mahari pako papo."

Alitaka kusema nafasi yangu ipo. Timu nzima ilisikia mahari, ile ya kuolea. Walicheka mpaka mechi ikachelewa kuanza. Tangu siku hiyo benchi letu likaitwa Mahari, na anayekaa pale yuko kwenye kulipa. "Mgao, leo umetoa ng'ombe wangapi?" waliniuliza kila Jumamosi. "Na mke mwenyewe unaonyeshwa kwa robo saa tu!" Mwalimu hakuelewa kwa nini tunacheka. Alidhani tuna furaha, akafurahi na yeye.

Nilijaribu kumdanganya mara moja. Nilipitia nyuma ya nyumba, nikajipaka tope miguuni mpaka magotini, nikazunguka na kutokea upande wa barabara nikichechemea kama aliyetembea tangu alfajiri. "Umetoka wapi?" Nikataja kijiji cha bondeni. Hakubishana nami. Alichota maji ya beseni lake kwa kiganja, akanimwagia mguu mmoja, akasugua lile tope kati ya vidole vyake kama anayekagua unga. "Hili ni tope la kisimani kwenu," akasema. "Bondeni wana udongo mweusi." Fundi baiskeli huwezi kumdanganya kwa matope. Kila siku anayakwangua kwenye matairi ya watu na anajua kila mmoja kapita wapi. Siku hiyo nilicheza dakika kumi na tano, mguu mmoja safi na mwingine mchafu.

Mama alipochoka kunisikiliza nikilalamika, alifunga kitenge vizuri akaenda kibandani. Nilimfuata kwa mbali nikitumaini kusikia ugomvi.

"Mwalimu, mwanangu ana kosa gani?"

"Hana kosa, mama. Ana kwao hapa hapa."

Nikamwona mama anafikiri. Kisha akacheka, akamuuliza habari ya baiskeli ya baba, wakaanza kuongelea mnyororo. Alirudi nyumbani na mnyororo mpya. Sikula jioni ile.

Wala msidhani alikuwa mtu wa haki katika kila jambo. Kwenye drafti alikuwa mwizi. Alichezea vizibo vya soda, na ukigeuka kumtazama mteja anayeingia, unakuta kingi imezaliwa ambayo hukuiona ikitambaa. Ukimwambia, anakasirika kikweli, anakusanya vizibo. Pia huyu aliyenigawia robo saa bila kupepesa macho, ndiye huyu huyu aliyewahi kumkimbiza mwamuzi kuzunguka uwanja kwa sababu ya dakika moja ya nyongeza. "Dakika moja ni mali!" alipiga kelele, shati limetoka kwenye suruali. Nilikuwa nimekaa kwenye Mahari nikamsikia. Nilitamani kumuuliza: na zile sabini na tano zangu ni nini, makapi?

Baada ya mechi alichemsha muhogo na maharage kwenye sufuria moja kubwa. Wale wa mbali walipakuliwa kwanza ili wawahi njia. Baiskeli zao aliziziba bure, na mwenye safari ndefu zaidi alimwazima yake mwenyewe, kisha yeye akaenda kwa miguu wiki nzima. Sisi wa karibu tulisubiri. Mimi nilikuwa wa mwisho kabisa. Hata ukoko nilimalizia mimi.

Kisha ikaja habari kwamba mtu kutoka Mwanza, mtafuta vipaji wa kituo kimoja cha vijana, anakuja kutazama mechi yetu na Kabanga. Alikuwa ameiona ile video. Alikuwa anakuja kwa ajili yangu, kila mtu alijua hivyo. Na kila mtu alijua atanikuta wapi.

Sikulala usingizi wa maana wiki ile. Nikienda Mwanza, nilijiambia, nimetoka. Nisipoonekana siku hiyo, video itazeeka, atatokea mwingine na video yake. Nilimwendea Mwalimu nikampigia magoti, si kwa mfano, nilipiga magoti kweli kwenye vumbi lililojaa spoku na mafuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Inuka, utachana suruali."

"Mwalimu, mechi hii moja tu. Nianze."

Alikuwa anasugua mpira wa ndani kwa msasa, tayari kuubandika kiraka. Hakuinua macho. "Ariyetoka mbali aanze," akasema. "Nikikuanzisha wewe, yule wa Murusagamba nimwambie nini?"

Yule wa Murusagamba tulimwita Mrefu. Alicheza namba kumi, namba yangu. Kijana mkimya wa familia ya wakulima, mzito kidogo wa kugeuka, anayefunga goli moja kwa mechi nne. Nilimdharau, sitaficha.

Ndipo nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Shangazi yangu alikuwa ameolewa Murusagamba. Ijumaa nilikwenda kwake kwa pikipiki ya mtu, nikalala huko. Jumamosi jua likichomoza nikashika njia kurudi kwa miguu. Hili halikuwa tope la kupaka. Nilipanda vilima, nikashuka, viatu vikanichubua, nikavivua nikavitundika shingoni. Nilifika adhuhuri imepita, mdomo umekauka. Nikasimama mstarini nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

"Umetoka wapi?"

"Murusagamba."

Akainama akatazama miguu yangu. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanipa jezi namba kumi. "Anza."

Na Mrefu? Mrefu alikuwa amekuja Mugoma tangu Ijumaa kumsaidia baba yake kuuza maharage mnadani, akalala kwa ndugu zao, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Umetoka wapi? Hapo. Basi, kaa. Akakaa kwenye Mahari bila kinyongo, akanipigia makofi nilipoingia.

Nilicheza vizuri dakika kumi. Baada ya hapo miguu ikawa ya mtu mwingine. Nilitaka kugeuka, mwili unageuka nyuma yangu. Beki yule yule wa Kabanga, yule wa video, alinipokonya mpira kama anampokonya mtoto kijiko. Kipindi cha kwanza kabla hakijaisha nilibaki peke yangu na kipa. Nilimwona kabisa, nikaiona kona ya goli, nikapiga. Mpira ukaenda kutua kwenye maharage ya mama. Mtu wa Mwanza alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na daftari gotini. Akafunga daftari.

Dakika ya sabini na tano Mwalimu alinitoa akamwingiza Mrefu. Sijawahi kumwona Mrefu akicheza vile. Aliwapita wale mabeki waliochoka, na nusu yao pia walikuwa wametembea. Alifunga mawili. Mtu wa Mwanza akafungua daftari tena.

Jioni, sufuria ikiwa jikoni, Mrefu alikuja kukaa karibu nami. Hakuwa anajigamba, alikuwa anashangaa. "Kumbe mpira ni mwepesi hivi," akasema, "ukilala karibu!"

Hakuna mtu aliyewahi kunichapa vibaya kama Mrefu kwa maneno yale. Misimu miwili nilikuwa naingia na miguu ya kitandani, nawakimbiza watu waliotembea tangu asubuhi na kucheza dakika sabini na tano juu yake. Umeme! Nani asiyekuwa umeme namna hiyo? Au pengine nilikuwa mchezaji kweli, na siku ile ilikuwa miguu tu. Sikujua, na nilimchukia Mwalimu kwa sababu ni yeye peke yake ambaye angeweza kunionyesha, naye hakutaka kunipa mechi moja nianze nikiwa nimepumzika. Kama angenipa nikashindwa, ningejua. Nilipakuliwa muhogo wa mwisho, nikaumwaga, nikaenda nyumbani. Sikurudi uwanjani kwake tena. Mrefu alikaa Mwanza msimu mmoja akarudi. Sasa ana pikipiki na watoto wawili, na akiniona bado ananiita Mgao.

Miaka imepita. Mimi ni karani kwenye ghala moja la pembejeo Kabanga, naandikisha wakulima wanaotaka mbolea. Ni kazi ya dirishani: jina, kijiji, ekari, kidole kwenye kimashine cha alama za vidole, anayefuata. Msimu wa kupanda foleni inafika barabarani. Watu wanatoka kote, na benchi la nje halitoshi.

Mwezi uliopita niliinua kichwa nikamwona Mwalimu kwenye benchi. Amekonda, kofia imefika masikioni. Sikuwa na haja ya kuuliza. Nilitoka nje mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama miguuni kwanza, halafu usoni. "Mgao!"

"Njoo ndani, nikuandikishe upesi uende ukapumzike."

"Hapana. Siku hizi naishi kwa binti yangu, hapa nyuma ya ghara. Waanze wa mbari."

Nikarudi dirishani nimekasirika kama nina miaka kumi na sita. Kila nilipomaliza mtu nilitazama nje. Akifika mama mwenye vumbi la barabarani, Mwalimu anasogea, anampisha. Akija mzee kwa miguu, anasogea. Alikuwa wa kwanza kukaa benchi asubuhi ile, na saa kumi kasorobo alikuwa wa mwisho kabisa.

"Mwalimu, tunafunga saa kumi. Zimebaki dakika kumi na tano."

"Zinatosha," akasema, akaketi mbele yangu.

Hazikutosha. Kimashine hakikukubali kidole chake. Nilijaribu gumba la kulia, la kushoto, shahada, vyote. Vidole vilikuwa laini kama kioo, alama zote zimeliwa na msasa na solusheni na miaka ya viraka. Nilimfuta kwa kitambaa, nikambonyeza kimashineni, taa nyekundu. Tena, nyekundu. Na nikiwa nimelishika gumba lake hivyo, nikaona sitapata nafasi nyingine.

"Mwalimu, kwa nini hukunianzisha hata mara moja nikiwa nimepumzika?"

Hakushangaa. "Mtoto akitembea toka Murusagamba akaja kukaa benchi," akasema, "Jumamosi nyingine harudi. Wewe nilijua utarudi. Nilikuona unatoka mlangoni kwenu hata kabla sijapuliza filimbi."

"Kwa hiyo niliumia kwa sababu nilikuwa narudi?"

"Uliingia mechi zote," akasema. "Hakuna mwingine aliyeingia zote."

Ni kweli, na ukweli huo uliniudhi upya. Nikambonyeza kidole kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nyekundu.

"Nilikuwa naujua mpira, Mwalimu? Niambie tu."

Nje mlinzi alikuwa anaanza kukunja turubai.

"Zile dakika kumi na tano ulikuwa mzuri sana," akasema. "Zingine, miguu ikiwa mizima, sikuziona. Hiro ni kosa langu, si lako."

Nilikuwa nimebeba hotuba nzima kwa miaka, na sikuwa nimeiandaa kwa mtu anayekiri. Saa ya ukutani ikafika kumi kamili. Mwenzangu akazima kompyuta yake, akatikisa funguo. Mwalimu akautoa mkono wake mkononi mwangu, akavaa kofia.

"Basi, kesho," akasema. "Nitakaa benchi."

"Kaa hapo, Mwalimu. Hapa anayepanga ni mimi."

"Saa zimeisha."

Nikamwambia mwenzangu aniachie funguo. Nikavuta kitambaa, nikakitia maji kidogo.

"Mahari pako papo," nikasema.

Alinitazama kama mtu aliyeitwa mstarini bila kutegemea. Akavua kofia, akakaa, akafuta gumba kwenye suruali yake, akanipa tena.